Gari la Miguu Mirefu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wetu hulijadili sana kwenye vijiwe vya bodaboda, lakini wazee hulinyamazia wakidhani si lao. Ni jambo la motokaa. Sisemi motokaa yoyote, bali zile pikapu zilizoinuliwa juu, zenye matairi mapana kama ya trekta, ambazo dereva hupanda kwa kukanyaga ngazi na abiria huvutwa mkono. Mjini Morogoro zinaonekana mojamoja, na picha zake zimejaa katika simu za vijana. Sasa zimeanza kuingia pia katika mazungumzo ya vikundi vyetu vya wakulima, navyo ni vikundi vyenye fedha kidogo iliyopatikana kwa jasho jingi. Ndiyo sababu nimeona si vema tunyamaze.

Kwanza tutazame mambo haya yametoka wapi. Mwaka 1948 zilizaliwa motokaa mbili ambazo uzao wake umeenea duniani. Huko Marekani kampuni ya Ford ilianza kuuza pikapu zake za jamii ya F. Huko Uingereza ilitokea Landrova ya kwanza, iliyokusudiwa mkulima mwenye shamba la matope. Ya Marekani ilikua mwaka hata mwaka, kwa kuwa nchi ile ina barabara pana na safari ndefu. Leo nyingi za jamii hiyo zina upana wa karibu mita mbili bila kuhesabu vioo vya pembeni, na urefu wa karibu mita sita. Landrova ndiyo iliyokuja kwetu. Wazee wanaikumbuka ile 109 iliyobeba maofisa wa kilimo, mapadre, wagonjwa, magunia na mbuzi, pengine vyote kwa siku moja. Baadaye ikaja Land Cruiser ya Wajapani. Ile jamii ya 70, ambayo wengi wetu huiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa lililopanda juu kama mkonga wa tembo, ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na hata leo ndiyo inayotegemewa na hospitali na miradi mingi ya vijijini.

Basi Wamarekani, kwa kuwa wanapenda kuchezea motokaa kama sisi tunavyopenda kuchezea ngoma, walianza kuziinua pikapu zao. Wengine walikuwa na sababu: walikwenda jangwani au mawindoni. Wengi hawakuwa na sababu ila kupendeza macho. Tusiwacheke. Hata sisi tulikuwa na shangingi. Jina hilo tulilipa motokaa kubwa za kifahari za wakubwa, na mpaka Bungeni lilifika. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hadi 2015, alisema waziwazi kwamba serikali haifai kutumia fedha nyingi hivyo kwa mashangingi. Kwa hiyo ugonjwa wa kupenda gari kuliko safari si wa taifa moja.

Sasa niwaeleze mazungumzo niliyoyasikia upande wa Mgeta, nyumbani kwa mzee mmoja wa ukoo mkubwa. Kijana alifika jioni akamwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu, keti. Kabichi zimekwenda?"

"Zimekwenda, mjomba, lakini faida yote imeliwa na mwenye gari. Ndiyo nimekuja. Kikundi chetu kina akiba, ila haitoshi. Kuna pikapu mjini, imeinuliwa, ina matairi makubwa. Ile haikwami. Nikipata mkopo tutaimiliki. Nimefikiri lile shamba la bondeni liwekwe rehani."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Itabeba magunia mangapi?"

"Kama ya kawaida, mjomba. Lakini haikwami."

"Na bei yake ni kama ya kawaida?"

"Imezidi, kwa sababu ya kuinuliwa."

"Hivyo unanunua kutokwama. Haya. Shamba lile si langu, mpwa wangu, wala si lako. Ni la mama zako na dada zako na watoto watakaowazaa. Mimi ni mlinzi tu. Nitawajibuje nikiambiwa shamba limeliwa na matairi?"

Wasomaji mlio Waluguru mnalifahamu neno hilo. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba akikosea katika ardhi, hakosei peke yake. Mzee yule hakukataa na hakukubali. Alisema atawaita wanaukoo, na kabla ya hapo alitaka kujua kama kweli gari la namna ile halikwami. Swali lake ni la haki, nalo ndilo ninalotaka tulipime hapa, maana naamini si yeye peke yake anayeulizwa.

Tuanze na kimo. Watu wengi hudhani gari likiinuliwa, kila kitu chini yake kimeinuka. Sivyo. Chini ya pikapu nyingi za kazi, katikati ya magurudumu ya nyuma, kuna lile pipa la chuma ambalo mafundi huliita difu. Limefungwa pamoja na ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Ukiweka springi ndefu, unaliinua bodi na injini, lakini difu inabaki palepale ilipokuwa. Katika njia zetu zenye makorongo mawili ya magurudumu na tuta katikati, kitu kinachogonga tuta kwanza ni difu. Kitakachoiinua difu ni tairi kubwa tu, na hilo nalo ni kwa nusu: tairi iliyozidi kwa inchi nne toka ukingo hadi ukingo huiinua difu kwa inchi mbili. Kwa hiyo kijana anaweza kulipa fedha nyingi, gari likaonekana limepanda kama twiga, na bado likakaa juu ya tuta lilelile lililomkwamisha jirani yake.

Pili tutazame tairi yenyewe. Mkonga wa kazi hutoka kiwandani ukiwa na matairi membamba ya namba 7.50-16. Waliotengeneza hawakubahatisha. Juu ya udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha, utelezi huwa juu, na chini kidogo kuna ardhi ngumu. Tairi nyembamba hukata utelezi ikaifikia ile ardhi. Tairi pana, ikiwa meno yake yamejaa matope, huelea juu ya utelezi kama kandambili juu ya sakafu yenye sabuni. Katika mchanga mkavu au kinamasi kisicho na mwisho, pana hushinda. Lakini njia ya kupanda Langali ukiiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, au njia za kupanda Kinole, si mchanga wa jangwani. Kule dereva wa zamani alibeba minyororo ya kufunga kwenye matairi, jembe na panga, naye alifika.

Tatu, tairi kubwa hudanganya mita ya mwendo. Mita hiyo huhesabu mizunguko ya gurudumu. Ukiondoa tairi ya inchi 31 ukaweka ya inchi 35 bila kuirekebisha mita, mita ikisema kilomita 80 kwa saa, kweli unakwenda karibu 90. Tena injini iliyopangiwa kuzungusha gurudumu dogo sasa inazungusha kubwa na zito, hivyo hupanda mlima kwa shida zaidi na kunywa mafuta zaidi. Na breki ambazo zilitosha jana leo zinashika gurudumu lenye nguvu kubwa ya kuzishinda. Kwa mtu anayetelemka na shehena ya viazi, hilo si jambo dogo.

Nne ni kupinduka. Kila mama anajua kwamba ndoo ya maji mkononi na ndoo ya maji kichwani si kazi moja. Uzito ni uleule, lakini ile ya kichwani hutaka shingo iliyonyooka na mguu usioteleza. Motokaa nayo ni hivyo. Kadiri uzito unavyopanda juu huku magurudumu yakiwa na upana uleule, ndivyo linavyokaribia kuanguka likiinama. Sasa ongeza magunia ya karoti yaliyopandishwa juu ya bodi, na vijana wanne waliokaa juu ya magunia. Njia zetu nyingi zimekatwa ubavuni mwa mlima, na mvua imezilaza kuelekea bondeni. Dereva wa pikapu fupi akihisi gari limelala ana nafasi ya kusimama. Dereva wa gari la miguu mirefu anayo nafasi ndogo zaidi, na kwa bahati mbaya yeye ndiye anayejiamini zaidi.

Nisije nikasemwa kwamba naonea, niseme na upande wa pili. Kuinua kidogo kuna faida. Mtu anayepita mara kwa mara katika njia yenye mawe makubwa hunufaika na springi imara na tairi iliyozidi kidogo, kama fundi anajua kazi yake na breki zimeangaliwa. Bomba la mkonga nalo lina kazi: huipa injini hewa isiyo na vumbi jingi, na huzuia maji yasiingie kwa njia ya hewa wakati wa kuvuka kijito. Pia kijana aliyetumwa sokoni Nyandira na mazao yanayooza ana haki ya kutafuta gari lisilomwacha njiani. Kabichi haisubiri, na mnunuzi wa Dar es Salaam hamsubiri mtu. Hamu ya mpwa yule si upumbavu. Ameona mateso ya kweli akatafuta dawa. Ninalolipinga ni dawa yenyewe.

Lakini hata katika mito tuwe na akili. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na maji ya milima yetu hushuka kwa kasi. Gari refu humpa dereva moyo wa kuingia mahali ambapo mwenye gari fupi angesimama na kungoja. Mto hauangalii bomba limefika wapi. Husukuma ubavu, na gari likianza kuelea magurudumu hayana kazi tena. Katika masika, uvumilivu wa saa mbili kando ya mto umeokoa watu wengi kuliko springi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni watoto. Watoto wetu huenda shule na kurudi kwa miguu, pembeni mwa barabara ileile ya magari. Mwaka 2023 taasisi moja ya Marekani inayochunguza usalama wa barabara kwa ajili ya makampuni ya bima ilitoa matokeo ya uchunguzi wa karibu ajali 18,000 za magari kugonga watu waendao kwa miguu. Iliona kwamba motokaa zenye boneti iliyozidi kimo cha inchi 40, yaani kama sentimita 102, zilielekea kuua kwa asilimia 45 zaidi kuliko zile zenye boneti ya inchi 30 au chini yake na pua iliyolala. Sababu yaeleweka. Gari fupi humgonga mtu mguuni. Gari refu humgonga kifuani au kichwani na kumlaza chini ya magurudumu. Mtoto wa darasa la kwanza kimo chake hakizidi sana hizo sentimita 102. Akisimama mbele ya pikapu iliyoinuliwa, dereva haoni hata kofia yake. Huko huko Marekani, majimbo ya North Carolina, Virginia na South Carolina yalitunga sheria kati ya 2021 na 2023 kuzuia mtindo wa kuinua pua ya gari na kushusha nyuma, kwa kuwa dereva haoni mbele yake. Ikiwa wenye mtindo wao wenyewe wameanza kuukataza, sisi tunaharakisha nini?

Kisha kuna wagonjwa. Wengi wenu mnajua kwamba kijijini gari la biashara ndilo gari la wagonjwa, na ndilo gari la msiba. Masika moja nilishuhudia mama mwenye uchungu wa kuzaa akipandishwa katika pikapu ya namna hii. Bodi ilikuwa kwenye kimo cha kifua cha mwanamume. Wanawake watatu walimwinua, wanaume wawili walimpokea juu, naye akilia kwa maumivu, na mvua ikinyesha. Alifika salama, Mungu ashukuriwe. Lakini mkunga aliyemsindikiza aliniambia, "Mwanangu, gari hili limetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kubeba mgonjwa." Neno hilo silisahau. Na si mgonjwa tu: kila gunia la kilo mia litainuliwa kwa mabega ya vijana mpaka kimo kile, kila siku, mpaka migongo yao izeeke kabla ya wakati.

Nanyi tazameni mpango wa m-mama, ambao mwaka 2022 ulizinduliwa ili uenezwe nchi nzima. Mama mjamzito au aliyejifungua, au mtoto mchanga akipatwa na hatari, hupigwa simu namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, huitwa dereva wa jamii, yaani jirani mwenye motokaa ya kawaida aliyekubali kusaidia, naye hulipwa akimfikisha mgonjwa. Mpango huo haukungoja magari ya ajabu. Umetegemea motokaa zilizopo, zinazowaka usiku wa manane, na dereva anayeijua njia. Katika shida, gari jema ni lile lililo zima na lililo karibu.

Milima yetu ina fundisho lake juu ya mambo yaletwayo kutoka mbali. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ilitaka matuta ya ngazi yachimbwe katika Uluguru ili udongo usimomonyoke. Nia haikuwa mbaya. Lakini mahali pengi upande wa mashariki udongo mzuri ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo usiozaa. Watu walichoshwa na amri, na mwaka 1955 kukawa na ghasia Matombo. Lakini upande wa Mgeta, penye mboga na maji, matuta yapo na yanalisha watu. Kitu kimoja, milima ileile, matokeo mawili. Kwa hiyo tusikikataze kitu kwa kuwa ni kigeni, wala tusikikumbatie kwa kuwa ni kigeni. Tukiulize kitafanya kazi gani hapa, juu ya udongo huu, katika mvua hii.

Basi kwa wale walio na kikundi na akiba, nawapa maswali ya kuuliza kabla ya kutoa shilingi moja.

Kwanza: vipuri vyake vinapatikana Morogoro mjini, au vitaagizwa ng'ambo? Gari lililosimama miezi miwili likingoja kipuri halikwami, ni kweli, kwa kuwa haliendi.

Pili: tairi moja ni bei gani, na mnaweza kununua nne kwa mara moja? Msiulize bei ya gari peke yake.

Tatu: mama mzee anaweza kupanda bila kuvutwa? Gunia linaweza kupakiwa na watu wawili?

Nne: aliyeliinua ni nani? Fundi aliyebadilisha springi na shokapu bila kuangalia breki, usukani na taa ameuza hatari. Taa za gari lililoinuliwa, zisiporekebishwa, humpofusha kila anayekuja mbele.

Tano: gari hili likishindwa kulipa mkopo, ni nini kitachukuliwa? Kama jibu ni shamba la ukoo, basi wenye shamba waitwe wote, kina mama wakiwa wa kwanza, na wasikie hesabu kabla ya kuona picha.

Maoni yangu mimi ni haya. Kikundi kinunue pikapu ya kawaida yenye nguvu ya magurudumu yote manne, iliyo nzima, kwa kimo ilichotoka nacho kiwandani. Kinunue matairi mazuri ya matope na seti ya minyororo. Fedha ambayo ingekwenda katika kuinua iwekwe kwa ajili ya matengenezo. Na shamba la bondeni lilimwe.

Tena kuna jambo ambalo hatulisemi kwa sababu halina picha nzuri katika simu. Gari halikwami kwa sababu ni fupi. Linakwama kwa sababu maji ya mvua yamegeuza barabara kuwa mto. Mfereji ukiziba majani, maji hupanda barabarani. Yakipanda, huchimba korongo. Korongo likichimbika, tunatafuta gari refu. Nalo gari refu na zito hulizidisha korongo, na mwaka ujao tutatafuta refu zaidi. Hapo hatutafika mwisho. Barabara zetu za vijijini zina wakala wake, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, nasi tuna haki ya kuudai utimize kazi yake. Lakini kuzibua mfereji ulio mbele ya nyumba yako, na kuondoa magogo katika kalavati kabla ya mvua za Machi, hakungoji ofisi. Kijiji cha kaya mia, kila kaya ikitoa mtu mmoja na jembe moja kwa siku mbili, kinaweza kufanya kazi kubwa, na baada ya hapo watapita wote: mkonga, bodaboda, mwenye mzigo wa ndizi kichwani, na mtoto wa shule.

Vijana, msiudhike nami. Napenda motokaa kama ninyi, na najua fahari ya kuingia sokoni injini ikinguruma. Lakini fahari ya mchukuzi ni kwamba mzigo umefika, mgonjwa amefika, na deni limelipwa. Wazazi, nanyi msiwajibu vijana kwa kuwakemea tu. Kaeni nao mhesabu pamoja, kwa penseli na karatasi. Na mfereji uliozibuliwa mwaka huu, mwakani mtatuambia umeokoa safari ngapi.

Karani